Apa kwa Kikorea

Mimi sina dogo. Kwetu Tanga wanawake husema polepole, hata tusi hulipaka sukari kwanza, lakini mimi nilitoka vingine, na Johannesburg ikanikoleza. Ukinisukuma kwenye foleni ya teksi nakusukuma. Ukiniita mgeni nakuita jina baya zaidi. Nimegombana na madereva, nimegombana na mwenye yadi nilikopanga chumba La Rochelle, na nimegombana na Mtanga mwenzangu aliyeeneza kwamba nawapaka wateja mafuta ya kupikia kichwani. Basi nilipoajiriwa na mwanamke wa Kikorea ambaye hakuwahi kuinua sauti, nilijua nimepata bosi wa kumwendesha nitakavyo.

Karakana yake ilikuwa Doornfontein, ghorofa ya kwanza ya jengo kuukuu. Chini yetu walikaa mafundi cherehani, na kando yetu alikuwepo mtu wa kuchomelea mageti. Chumba cha mbele kilikuwa cha kusuka. Walikuja wanafunzi wa chuo cha jirani, lakini waliotulisha hasa walikuwa kina mama wa Kikongo wa makanisani, na Watanzania kidogo. Chumba cha nyuma yeye mwenyewe alitengeneza mawigi, akifunga unywele mmoja mmoja kwenye wavu kwa ndoano nyembamba, mgongo umepinda, kimya kutwa nzima. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini na mitano. Mtaani walimwita Mchina. Sisi tulimwita Madame, kwa sababu msusi mwenzangu alitoka Bukavu na kwao mwanamke mwenye kazi yake ni Madame.

Huyo msusi wa Bukavu nilimwita mwenzangu tu, na hapa nitamwita hivyohivyo. Alikuwa mrefu, mpole kupita kiasi, lakini akiimba kwenye kwaya ya kanisa lao mtu unasahau ulichokuja nacho. Tuliishi yadi moja, yeye na mumewe na watoto chumba cha pembeni, mimi chumba kilichopakana nao. Mumewe alikuwa sekuriti kwenye jengo la vioo kule Sandton. Sare yake ilipigwa pasi ikasimama, na kazi yake ilikuwa kufungulia geti magari ya watu wa benki. Alikuwa mcheshi, mkarimu wa salamu, na mimi kwa muda mrefu nilimpenda.

Mwaka 2015 vijana waliingia mitaani kuvunja maduka ya wageni. Sisi tulifunga geti la ngazi, tukazima taa, tukanyamaza. Haikusaidia kitu. Walipanda na mabomba ya chuma na fimbo za gofu, wakalipiga geti mpaka bawaba zikang'oka. Mmoja akamwamuru Madame afungue droo. Alipochelewa kumwelewa, akampiga bomba la mdomo. Mwenzangu alikuwa chini ya meza, anasali kwa Kifaransa. Mimi nilimrukia aliyekuwa anabeba cherehani nikamng'ata begani mpaka nikaonja damu yake, na sijutii, ingawa alinitia kiwiko cha jicho nikakaa wiki nzima naona ukungu.

Madame hakulia. Alitema jino kwenye kiganja, akalitazama, akamtazama aliyempiga kama mtu anayesubiri foleni isogee, na kijana yule ndiye aliyeangalia pembeni. Walipokwisha kuondoka na nywele zetu zote akachukua ufagio. Damu inamtiririka kidevuni, yeye anafagia vioo. Nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, alijifunza wapi kupigwa vile bila hata kuguna.

"Kazini," akasema.

Kazi gani, nikataka kujua. Umbea ndio ugonjwa wangu wa pili baada ya hasira. Hakuniambia siku ile. Aliniambia kidogokidogo mwaka uliofuata, tukiwa chumba cha nyuma tunachambua nywele mpya, na alisimulia bila kuziba uso wala kutazama chini.

Alikwenda Los Angeles akiwa na miaka ishirini na mitatu, kusoma uuguzi. Ada ikamshinda. Akawa anabeba sahani kwenye mkahawa wa Wakorea wenzake, na huko mtu mmoja akamwambia kwamba sura yake inaweza kumpatia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa filamu za ngono.

Nikasema astaghfirullah. Nywele mkononi sikuziacha, na baada ya muda nikamwambia aendelee.

Akaniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ni kusubiri. Unakaa na koti la kuogea kwenye nyumba ya mtu usiyemjua, kiyoyozi kinakugandisha, unangoja taa zirekebishwe. Kila baada ya wiki mbili unapimwa damu. Kabla kamera haijaanza unashika pasipoti karibu na uso na kutaja umri wako. Jina lake hawakulitaka. Kwanza wakampa jina la Kijapani, baadaye la Kichina, na alipowaambia yeye ni Mkorea wakamwambia mnunuzi hajali. Nafasi zake zikawa zilezile: mkandaji, mwanafunzi mwenye haya, bibi harusi aliyeagizwa kutoka mbali, na mara zote mwanamke asiyejua Kiingereza. Wakati huo Kiingereza chake kilikuwa kinamshinda mwongozaji wa filamu kwa ufasaha. Si kila siku ilikuwa mbaya, alisema. Zilikuwepo siku za kucheka, na wapo waigizaji wenzake aliokuwa bado anawaandikia salamu. Hapo ndipo nilipomwamini, maana anayetaka kuhurumiwa angesema zote zilikuwa mbaya.

Mawigi pia alijifunza huko. Kwenye chumba cha kuvalia alikuwepo mwanamke mtu mzima mwenye kazi ya kutunza nywele za bandia, na Madame katika kule kusubiri alikaa miguuni pake akimtazama mikono. Alipoacha filamu, baada ya miaka sita hivi, alichotoka nacho Amerika ni ufundi ule. Ndugu wa mama yake alikuwa na duka la jumla la nywele hapa Johannesburg, akamfuata. Hapa hakuna aliyemjua.

Mimi nimefundwa na somo wa unyago aliyekuwa hafichi kitu, na mambo ya chumbani hayanitishi. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia kinachonishinda ni kuyafanya mbele ya mtu anayekula piza. Akacheka mpaka pengo likaonekana.

Mtu wa kwanza kumtambua alikuwa mume wa mwenzangu. Hiyo ilikuwa 2017. Walinzi wa zamu kule Sandton walirushiana filamu kwenye simu kupoza uchovu, na siku moja sura ikamjia ambayo alikuwa anaiona kila alipokuja kumchukua mkewe. Angeweza kunyamaza. Aliileta yadi, akaituma kwa wanaume wa kanisani, ikateremka mpaka kwa mafundi cherehani chini yetu, na haikupita wiki mbili ikawa kila simu inayo.

Kilichowachekesha hakikuwa uchi. Uchi walikwisha kuuzoea. Ni kwamba katikati ya filamu, mwanaume mmoja amemkaba shingo, mwanamke anasikika akisema apa, apa, apa, mara nyingi. Sasa Mkongo wa Kivu hasemi hapa. Anasema apa. Weka apa, kaa apa, kuya apa. Basi waliposikia vile wakaanguka chini kwa kicheko. Mchina anaelekeza watu kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Ule eko anaonesha njia," mume wa mwenzangu alituambia pale kwenye bomba la maji la yadi, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ule alizaliwa Bukavu, pale Kadutu. Anasema apa, apa, ju mwanaume asipotee."

Mimi Mtanga, kwangu apa ni kula kiapo. Nilidhani anamwambia yule mwanaume aape. Aape nini katika hali ile, sikuelewa, lakini sikucheka pia, kwa sababu sura yake kwenye ile simu haikuwa ya mtu anayeelekeza njia.

Kuanzia hapo Madame hakupata kutembea kwa amani. Toka kwenye robot, taa za barabarani, mpaka mlangoni kwetu ilikuwa apa Madame, apa Madame. Mtu akimwona anajishika mwili, anauliza ni apa ao ni apa. Mmoja alimvizia kwenye ngazi akamshika kifua kwa mikono miwili, akambana ukutani. Nilimpiga kwa kitana cha chuma mpaka kikapinda, akaondoka na mistari shavuni. Wengine walianza kuja juu kama wateja, wanakaa kitini, wanacheka, hawaondoki mpaka niwatoe kwa matusi. Madame alirudi chumba cha nyuma akaendelea kufunga nywele, na wavu ulikuwa unachanika mikononi mwake.

Nikachoka. Nikamwuliza mbele ya mwenzangu, ile apa ni kitu gani?

Aliweka ndoano chini.

"Ni Kikorea," akasema. "Maana yake inauma."

Alisimulia kwa Kiingereza, nami nikawa namtafsiria mwenzangu. Katika kazi ile, alisema, mambo hupangwa kabla. Waliafikiana kwamba yule mwanaume atamshika shingo kwa kuigiza tu, na atampiga kibao chepesi. Waliafikiana pia neno la Kiingereza, jina la rangi nyekundu, ambalo akilitamka kila mtu anaacha. Yule mwanaume alikuwa mgeni kwenye kazi na alitaka aonekane. Akamkaba kweli. Alipiga vibao kweli, ngumi ya mbavu kweli. Madame alilitafuta lile neno la rangi kichwani akalikosa.

"Kiingereza chote kilinitoka," alisema. "Kilibaki cha mama yangu."

Kwa hiyo alisema apa. Chumba kilikuwa na watu: wa kamera, wa taa, wa kupaka poda. Hakuna aliyejua Kikorea. Na kwa kuwa walikwisha zoea kumpa nafasi ya mwanamke asiyejua Kiingereza, waliona anaigiza vizuri kuliko siku zote. Mwongozaji akamwashiria mwanaume aendelee. Alipomaliza wakapiga makofi. Ndiyo filamu iliyompa jina. Kila alikokwenda baada ya hapo waliitaka ile ile, na akilalamika wanamwambia mbona ile ulifanya. Tangu siku hiyo, alisema, hakuwahi kulitamka tena neno lile kwa mdomo wake, hata kwa daktari wa meno.

Hapo nikakumbuka bomba lile na jino kiganjani, nikataka kumtafuta kijana yule nimng'ate bega la pili.

"Nataka chumba kimoja tu duniani," Madame akasema, na akaweka kiganja juu ya meza. "Kimoja, ambacho nikisema basi, watu wanaacha. Hiki ndicho. Wakinitoa humu sina kingine."

Maskini mwenzangu, kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja yeye alikuwa akisema apa kutwa, tia apa, kata apa, na kila akisema Madame anageuka ghafla, nasi tukidhani ni masikio mabovu. Hakuomba radhi. Lakini kuanzia kesho yake alianza kutia h. Alijilazimisha, anaisukuma kama mtu anayepuliza moto: hhapa. Alikuwa anachekesha, ila sikumcheka. Alifanya vile mle ndani peke yake. Akishuka ngazi tu anarudi kwenye lugha yake.

Mumewe alimkataza kuja kazini. Alisema mwimbaji wa kanisa hawezi kufundishwa na mwanamke wa namna ile, kana kwamba si yeye aliyeibeba filamu kutoka Sandton. Mwenzangu akaendelea kuja, kwa sababu watoto walikula kwa mikono yake. Basi akaanza kumpiga. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao zilizopakwa rangi, na Jumapili baada ya ibada nilikuwa nasikia mkanda wa sare, kile chuma chake cha kufungia kikitua, na sauti yake yeye mwenyewe mume ikiuliza taratibu, "Unafundishwa nini kule? Uniambie." Niligonga ukuta. Nilikwenda nikagonga mlango. Alinifungulia akitabasamu, akaniambia, "Dada, haya ni mambo ya nyumba."

Mwenzangu alikuja na poda nyingi usoni. Madame hakumwuliza hata mara moja. Alifunga barafu kwenye kitambaa akaiweka mbele yake kama mtu anayeweka kikombe cha chai.

Jumamosi moja ya mwaka 2018, mchana, nilikuwa namalizia rasta za mwanafunzi. Rasta zikiisha ncha zake unazichovya kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke, na birika lilikuwa limetoka kuchemka. Mume akaingia na sare yake. Hakusalimu. Alimkamata mwenzangu nywele, akazizungusha kwenye ngumi, akamburuta kuelekea ngazi. Nilisikia zinang'oka. Madame akatoka chumba cha nyuma akasimama kwenye mlango wa ngazi, mikono imeshika miimo huku na huku, mwanamke wa kilo za mtoto wa shule. Alimwambia kwa Kiingereza amwachie.

Akamwachia kweli, ili apate mkono. Akamkaba Madame shingo akambandika kwenye mwimo.

"Sema apa," akamwambia. "Sema. Tusikie."

Akamkamua. Uso wa Madame ukawa mwekundu, kisha ukaiva rangi nyingine. Macho yakamtoka. Na mdomo wake ukafungwa kama uliopigwa misumari, hakusema, na yeye anakaba zaidi ili aseme. Nikaona kwamba mwanamke huyu atakufa mbele yangu lakini neno halitatoka. Nikachukua birika. Nilimmwagia mkono wote na mgongo.

Alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nafurahi. Shati lilimganda kwenye ngozi. Alirudi kinyumenyume, akakosa ngazi, akaviringika mpaka kwa mafundi cherehani. Mwanafunzi wangu alikimbia na rasta zake mbichi akipiga kelele kuwashinda wote. Madame alikuwa sakafuni anavuta pumzi kwa mluzi, na mwenzangu ameshika kichwa, damu inapita kati ya vidole.

Polisi hatukuwaita. Kwa makaratasi tuliyokuwa nayo wengi wetu, polisi ni wa kukwepa, na yeye pia hakuwaita. Jambo likapelekwa kanisani. Pasta wao akakubaliana na mwenyekiti wa Watanzania kwamba kesi isikilizwe na pande zote mbili, kwenye ukumbi wa kukodi pale La Rochelle, Jumapili alasiri. Tulipofika ukumbi ulikuwa umejaa, kina mama wa kwaya na sare zao upande mmoja, wanaume ukutani. Mshtaki alikaa mbele, mkono umefungwa bandeji mpaka kwapani, watu wanampa pole kama aliyerudi kutoka vitani. Madame alikaa karibu na mlango kwenye kiti cha plastiki, skafu shingoni kuficha alama za vidole. Nilikaa naye nikimnong'oneza tafsiri, mengine nikiyaruka.

Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari za birika. Hawakulijali birika. Pasta alisema nimepandwa na hasira, niombewe, basi. Kisha akageukia alichokusudia.

"Shina ya hii mambo yote ni ule mwanamke," alisema kwenye kipaza sauti. "Picha ya uchafu ilivunja nyumba ya batu. Bamama ba kanisa basiende tena kule. Asiyesikia, asiimbe tena."

Mwenyekiti wetu akaitikia kwa kichwa, akasema na Watanzania tungefanya vyema kufuata hilo. Hilo nilimtafsiria Madame. Alijua kama mimi: kina mama hawa wakiacha kuja, karakana haimalizi mwezi. Chumba chake kilikuwa kinafungwa mbele yake kwa sala.

Pasta akamwita mwenzangu asimame. Alisimama kwa shida, kitambaa kichwani.

"Mama, uambie kanisa bila woga. Ule mwanamke alikufundisha nini?"

"Alinifundisha kutengeneza mawigi," mwenzangu akasema. "Na neno moya ya Kikorea."

"Neno gani?"

"Apa."

Kicheko kilianzia ukutani nyuma, kikasogea mbele. Mumewe alikunja uso kujizuia. Mwenzangu akangoja kiishe, kama anavyongoja kinanda kimalize kabla hajaanza kuimba.

"Kwabo apa si apa," akasema. "Kwabo ni kusema inauma. Ule mwanaume alikuwa anamuua, yeye analia, na ninyi mulikuwa munacheka mutu anayelia."

Akafungua kitambaa. Upande mmoja wa kichwa haukuwa na nywele, ngozi imekauka na magamba meusi. Aliweka kidole pale. "Apa," akasema. Hakutia h. Akakunja mkono wa blauzi. "Apa." Kisha mwanamke yule mpole, mbele ya pasta na mwenyekiti na wanaume wote wale, akatugeuzia mgongo, akafungua vifungo vya nyuma kimoja kimoja, na alama za kile chuma cha mkanda zikaonekana toka mabegani hadi kiunoni, nyingine bado zinatoa maji. "Na apa."

"Neno ni ya Madame," akasema bila kugeuka. "Maana yake, bwana yangu njo alinifundisha."

Mume akainuka. Nadhani alisahau yuko wapi, au alikumbuka vizuri sana. Kwa mkono wake mzima alimgeuza, akampiga ngumi ya mdomo, mbele ya kipaza sauti, tukaisikia mara mbili. Mwenzangu akaangukia viti. Pasta akasema, "Amani, amani," na akasogea nyuma.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mnene wa kwaya, mteja wangu, mwanamke ambaye nikimsuka huomba nisimvute kichwa. Aliinua kiti chake cha plastiki, akakipima mkononi, akamtwanga nacho kisogoni. Kisha mwingine. Kisha safu nzima. Miguu ya viti ilikatika na ilipokatika ilikuwa na makali, wakaendelea na makali hayo. Alianguka kwa magoti, akaanguka kifudifudi. Bandeji ilifunguka, ngozi mpya ikachubuka, damu ikaenea kwenye vigae mpaka viatu vikawa vinateleza. Hakuna mwanaume aliyetoka ukutani. Mimi sikubaki nyuma. Nilimpiga teke la mbavu, nikampiga jingine kwa ajili ya ukuta wa mbao, na nilikuwa na raha, sitaki kudanganya.

"Basi, bamama," alikuwa akisema. "Basi, basi."

Hakuna aliyesikia basi yake.

Madame alinishika mkono. "Waambie waache," akasema.

Nikamwambia bado.

"Waambie."

Nikamwambia hajapata ya kumtosha, nikajichomoa. Aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia, kisha akaniacha na kupenya katikati yao, kiwiliwili chake kidogo kati ya sare za kwaya, akapiga magoti juu ya yule mtu na kumkinga kichwa kwa mikono yake. Kiti kilichokuwa hewani hakikuwahi kuzuiwa. Kikatua begani mwake, na mfupa ukalia.

"Apa," Madame akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti yake ya siku zote, ile aliyokuwa akiniombea uzi. Alisema mara moja tu, na kila mwanamke mle ndani akashusha kiti chake.